Fedha za Mgeni: Kaunti ya Tunica na Miaka Yake ya Kasino



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila kaunti yenye hazina tupu hujiuliza siku moja: tukiruhusu kasino, wageni wakaja na fedha zao, tutatoka katika umaskini? Wenye mitaji wana jibu lao, limechapishwa kwenye karatasi ya kung'aa na picha za hoteli ambayo haijajengwa. Mimi nimeona afadhali nije na mahali ambapo jambo hilo limekwisha kutendeka, mwanzo hadi mwisho, ndani ya umri wa mtu mmoja. Mahali penyewe ni Kaunti ya Tunica, jimbo la Mississippi, Marekani.

Najua humu ukumbini wapo ambao kwao kamari ni haramu, na mjadala unaishia hapo. Nawaheshimu, wala sikuja kuwageuza. Hata Mississippi ni nchi ya Wabaptisti, na wachungaji wao waliipinga kamari kama ambavyo masheikh na maaskofu wetu wangeipinga. Nitakachofuata mimi ni fedha: zilitoka wapi, zilipitia mikono ya nani, zikaishia wapi.

Tunica iko kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, kando ya mto Mississippi, katika tambarare ya udongo mzito mweusi inayoitwa Delta. Sensa ya 1990 ilihesabu humo watu 8,164 tu, wengi wao Waamerika weusi, wajukuu na vitukuu wa watumwa, na wa wakulima waliolima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno. Pamba ilitaka mikono mingi, mpaka mashine ilipofika. Mwaka 1944 shamba la Hopson, karibu na Clarksdale, kusini kidogo mwa Tunica, lilitoa zao zima kwa mashine tangu kupanda hadi kufunga marobota. Baada ya hapo kazi za vibarua zilipungua mwaka hadi mwaka. Wenye nguvu na nauli walipanda treni kwenda Chicago. Waliosalia walibaki juu ya ardhi isiyo yao, na ambayo haikuwahitaji tena.

Mwaka 1985 mchungaji Jesse Jackson alifika mji mdogo wa Tunica, makao ya kaunti, akatembezwa mtaa ulioitwa Sugar Ditch Alley. Nyuma tu ya maduka ya barabara kuu palikuwa na safu ya vibanda vya mbao visivyo na bomba wala choo, na kando yake mfereji wa wazi. Watu walibeba ndoo za haja asubuhi wakazimwaga humo, na mvua ikinyesha yote yalirudi mlangoni. Jackson aliifananisha Tunica na Ethiopia, na mwaka huo Ethiopia ilikuwa katika njaa kubwa, kwa hiyo kila mwenye televisheni alimwelewa. Kipindi cha 60 Minutes kikaja na kamera. Wakuu wakaona haya, na wakaaji wa mtaa ule wakahamishwa. Kazi, hata hivyo, haikupatikana. Sensa ya 1990 ilikuta zaidi ya nusu ya watu wa kaunti wakiishi chini ya mstari wa umaskini.

Mwaka huohuo wa 1990 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu kasino, kwa masharti. Kasino ilipaswa kuelea majini, kwenye mto Mississippi au kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko, ili ardhi tukufu ya jimbo isiguswe na dhambi hiyo. Na wapiga kura wa kila kaunti walikuwa na haki ya kuikataa. DeSoto, kaunti jirani iliyopakana kabisa na jiji la Memphis na yenye watu wenye uwezo, ilikataa. Tunica haikukataa. Memphis yenyewe iko ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Tennessee, ambako kasino ni marufuku mpaka leo. Kwa hiyo, pasipo mtu yeyote kupanga, kaunti ya watu elfu nane ilijikuta ndiyo lango la karibu zaidi la kamari halali kwa jiji kubwa lililo chini ya saa moja kwa gari. Mali ya Tunica ilikuwa ni hiyo: ruhusa yake na katazo la jirani.

Kasino ya kwanza, Splash, ilifunguliwa Oktoba 1992 kwenye gati la Mhoon Landing. Watu walitoka Memphis wakafuata barabara ya 61, barabara nyembamba inayopita katikati ya pamba, wakapanga foleni ya saa kadhaa na kulipa dola 10 za kiingilio ili tu waruhusiwe kwenda kupoteza nyingine ndani. Kampuni za Las Vegas na Atlantic City hazikuhitaji kushawishiwa zaidi. Lakini zilipotazama ramani ziliona kasoro: Mhoon Landing ilikuwa mbali mno. Zilitaka eneo la Robinsonville, upande wa kaskazini, karibu zaidi na Memphis. Huko gati hakuna, kuna mashamba. Sheria inasema majini, nanyi mnataka shambani. Mtafanyaje?

Walichimba mashimo makubwa katika mashamba ya pamba nyuma ya kingo za mto, wakachimba mifereji ya kuyaunganisha na mto, wakaingiza maji na matishari, wakayafunga humo na kujenga kasino juu yake, na hoteli pembeni juu ya ardhi kavu. Mchezaji alitoka hotelini akakanyaga zulia lilelile hadi kwenye mashine, asijue kwamba mahali fulani njiani ameacha nchi kavu na kupanda chombo. Nimesoma habari za sheria nyingi zilizokwepwa, lakini sijaona nyingine ambayo wanasheria walipeleka mto shambani.

Splash ilifungwa mwaka 1995. Haikuharibikiwa na chochote. Wateja walewale waliokuwa wakipanga foleni Mhoon Landing walikuta kasino mpya, kubwa zaidi, kabla ya kufika Splash, wakaishia hapo. Aliyewatangulia wote alidumu miaka 3. Laiti wakuu wa kaunti wangeitazama habari ile vizuri.

Hawakuitazama, na ni vigumu kuwalaumu, kwa sababu fedha zilikuwa zikiingia kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana katika Delta. Circus Circus, ambayo baadaye iliitwa Gold Strike, ilifika 1994, Horseshoe 1995, Grand 1996, na nyinginezo, hadi kaunti ikawa na kasino 9 au 10 kwa wakati mmoja. Mahali ambapo mgeni asingepata kitanda cha kulala palikuwa na vyumba vya hoteli zaidi ya 6,000. Katikati ya miaka ya 2000 mapato ya kasino hizo yalipita dola bilioni 1 kwa mwaka, na Tunica ikatajwa pamoja na Las Vegas na Atlantic City. Kazi zilizidi idadi ya wakaaji, wachanga na wazee wakiwemo.

Na msinielewe vibaya: mabadiliko yalikuwa ya kweli. Mama aliyekuwa akipalilia pamba kwa msimu alipata ajira ya mwaka mzima, yenye bima ya afya, akitandika vitanda au akigawa karata. Walioishi kwa msaada wa chakula wa serikali walipungua. Sensa ya 2000 ilikuta maskini wameshuka kutoka zaidi ya nusu hadi theluthi moja hivi ya wakaaji. Anayesema kasino haikuisaidia Tunica hajui Sugar Ditch ilikuwaje.

Sasa tufuate dola 100. Mapato ya kasino, kwa lugha ya watoza kodi, si fedha zote zilizowekwa mezani. Ni zile zinazobaki kwa kasino baada ya washindi kulipwa, yaani hasara halisi ya wachezaji. Mgeni wa Memphis akipoteza dola 100, jimbo la Mississippi lilichukua takriban 8, na kaunti pamoja na mji wakapata takriban 4. Dola 88 zilibaki kwa kampuni, nayo ikalipa humo mishahara, umeme, vyakula, riba ya mkopo wa ujenzi na gawio la wenye hisa walioko mbali. Kodi ya 12 kwa 100 ni ndogo ikilinganishwa na majimbo mengine ya Marekani yanayotoza mara mbili au tatu ya hiyo, na Mississippi iliiweka hivyo makusudi ili kuvuta wawekezaji. Ilivuta kweli. Lakini fungu kubwa ambalo kaunti ingeweza kulitegemea halikuwa kodi. Lilikuwa mishahara.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Ardhi ya Tunica ilikuwa, na bado ni, mikononi mwa familia chache za wenye mashamba. Baadhi yao walizikodisha kasino ardhi yao kwa bei ambayo pamba isingewapa katika vizazi vitatu. Wengi hawakutaka kuuza viwanja kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Kwa hiyo mgawa karata aliyepata mshahara wake wa kwanza wa maana alikuta kaunti haina nyumba ya kupanga wala kiwanja cha kununua. Alikaa Memphis, au alikaa DeSoto, ileile kaunti iliyoikataa kasino, na mshahara wake ukanunua unga na viatu huko. Watu wa Tunica waliongezeka kutoka 8,164 mwaka 1990 hadi 9,227 tu mwaka 2000, katikati ya neema ile yote. Mji wa kweli, wenye maduka, mafundi, zahanati na watoto wanaokwenda shule kwa miguu, haukuota. Kilichoota ni hoteli zilizosimama shambani, kila moja na uwanja wake wa magari, na barabara pana ya kurudi kaskazini.

Na zile dola 4 za kodi? Hazikuwa ndogo zikijumlishwa. Gazeti la Washington Post lilipoipeleleza kaunti mwaka 2015, kodi za kasino zilizokwisha kuingia tangu 1992 zilikuwa zimepita dola milioni 700. Kwa kaunti yenye watu wasiojaza uwanja wa mpira, hizo ni fedha za kutisha. Zilijenga njia za maji taka, barabara, maktaba na kituo cha michezo chenye bwawa la kuogelea. Zilijenga pia ukumbi mkubwa wa maonyesho na farasi, makumbusho ya mto, uwanja wa gofu, na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kupokea ndege kubwa za wageni. Na kodi ya ardhi na majengo ilipunguzwa. Nani mwenye ardhi Tunica mmekwisha kusikia, kwa hiyo mnajua punguzo lile liliingia mfuko gani. Gazeti lilikuta kwamba sehemu iliyokwenda kwa huduma za jamii, kama mafunzo ya kazi au kuwakarabatia maskini nyumba zao, haikufika hata asilimia 3.

Sisemi uwanja wa ndege ni uchafu. Nasema tazameni mpangilio: karibu kila kilichokuwa kikubwa kilijengwa kwa ajili ya mgeni, ili aje zaidi. Kaunti ilichukua faida ya kasino ikairudisha kwenye kasino, sawa na mvuvi anayeuza samaki wote ili anunue chambo.

Shule zinanisikitisha kuliko yote. Mahakama zilipoamuru mwisho wa ubaguzi shuleni, familia za Wazungu za Tunica zilianzisha shule yao ya binafsi katika miaka ya 1960, na watoto wao wakahamia huko. Shule za umma zilibaki za watoto weusi karibu wote. Wenye ardhi na waliokuwa na sauti katika baraza hawakuwa na mtoto hata mmoja darasani mle. Fungu la kodi ya kasino lilitengwa kwa shule, hilo ni kweli, na fedha kwa kila mwanafunzi zilipanda. Lakini fedha zinaweza kuingia shule ambayo haina mwenyewe, zisionekane zilikopita. Mwaka 1997, kasino zikiwa katika kilele cha kujengwa, serikali ya jimbo iliinyang'anya mamlaka bodi ya shule za Tunica kwa kushindwa kuzisimamia. Ikayarudisha. Mwaka 2015 ikainyang'anya tena. Mtoto aliyezaliwa mwezi ambao Splash ilifunguliwa alikuwa na miaka 22, na alikuwa amepita darasa la kwanza hadi la mwisho ndani ya miaka ya neema.

Kufikia hapo miaka hiyo ilikuwa imekwisha. Mwaka 2005 jimbo la Arkansas, ng'ambo ya mto, liliruhusu mashine za kamari katika viwanja vya mbio. Southland, ambacho wakati huo kilikuwa kiwanja cha mbio za mbwa, kiko West Memphis: mtu wa Memphis anavuka daraja tu. Mwaka 2008 uchumi wa Marekani ukaanguka. Mei 2011 mto ukafurika, kasino zote za Tunica zikafunga milango kwa wiki kadhaa, na wateja waliozoea kwenda kusini wakajaribu kwenda magharibi. Wengi hawakurudi. Juni 2014 ile Grand, ambayo wakati huo iliitwa Harrah's, ilifungwa, na kazi nyingi zikaenda nayo. Mwaka 2018 wapiga kura wa Arkansas waliruhusu kasino kamili, na mwaka uliofuata kasino nyingine mbili za Tunica zikafungwa. Kufikia 2020 zilibaki 6. Tunica ilipatwa na kilekile kilichoipata Splash. Tofauti ni kwamba kasino ikifungwa, kampuni huondoka na mashine zake. Kaunti haina pa kwenda, na bado inapaswa kufagia barabara na kulipa walinzi wa uwanja wa ndege.

Walijaribu viwanda pia. Kampuni ya magari ya umeme ya GreenTech, iliyoanzishwa na mwanasiasa Terry McAuliffe, ilipokewa Tunica kwa matumaini makubwa na kwa fedha za umma. Ikafunga kiwanda mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikafilisika. Nalipita hilo haraka, kwani ni hadithi nyingine, ingawa ukoo ni mmoja: mwenye shida huamini kwa urahisi anayekuja na michoro.

Msidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Barani kwetu Sun City ilifunguliwa Desemba 1979 na Sol Kerzner katika Bophuthatswana, ile nchi bandia ya makaburu iliyokuwa na bendera na rais, lakini haikutambuliwa na dunia. Afrika Kusini ilikataza kamari, Bophuthatswana iliruhusu, na Johannesburg ilikuwa mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Mnaona ni hesabu ileile: mpaka, katazo, na jiji tajiri karibu. Nchi bandia za namna hiyo, bantustani, zikafutwa 1994, sheria ya 1996 ikaruhusu kasino nchi nzima, na muda si muda Johannesburg ikawa na zake. Sun City ilipata pigo, lakini haikufa kwa sababu ilikuwa na kitu kingine cha kumleta mgeni: hifadhi ya wanyama ya Pilanesberg pembeni yake, viwanja vya gofu, bwawa la mawimbi la watoto. Mgeni wa Tunica alikuja kwa mashine, na mashine zilipofika mlangoni kwake hakuwa na sababu nyingine ya kuja. Na hili linauma, kwa sababu Robinsonville ndiko alikokulia Robert Johnson, mpiga gitaa ambaye wapenzi wa muziki wa bluu humfuata kutoka Japani na Uingereza. Kwa miaka mingi utajiri huo uliwekwa pembeni ya ukumbi wa mashine.

Kwetu hali ina ugumu wake. Kamari yetu kubwa haiko hotelini, iko simuni. Kijana wa Kitale au wa Bukoba huweka dau la mpira akiwa amekaa kibarazani kwao. Hakuna mgeni aliyelala kitandani, hakuna mpishi aliyeajiriwa, na fedha iliyoliwa ni ya mlemle mtaani. Mwenye hoja ya utalii wa kasino asituletee takwimu za kampuni za simu, kwani hizo ni kinyume cha utalii: zinaitoa fedha ya mnyonge nje badala ya kuileta ya tajiri ndani. Na yule tajiri ambaye wanapanga kumleta, naye ana simu mfukoni.

Je, kasino inaweza kuigeuza kaunti maskini? Inaweza. Tunica iligeuka, na sitakubali mtu afute hilo. Ilipata miaka kama 15 ya mapato ambayo haikuyatolea jasho, kwa sababu jirani alikataa na jimbo la Arkansas lilikuwa halijaamka. Fedha za namna hiyo ni za msimu, na kaunti ilizitumia kama mshahara wa kudumu. Ingezigeuza mapema kuwa viwanja vya makazi, walimu wazuri, mafundi na mfuko wa akiba usioguswa, leo tungekuwa tunaizungumzia vingine.

Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, ninyi ndio mtakaoletewa ile karatasi ya kung'aa. Kabla ya kuuliza kasino italeta vyumba vingapi, ulizeni mfanyakazi atalala wapi na atanunua unga wapi. Ulizeni jirani naye akiruhusu kesho, kitabaki nini. Ulizeni ardhi itakayokodishwa ni ya nani, na punguzo la kodi litamwangukia nani. Majibu yaandikwe katika mkataba kabla ya leseni kutolewa, fungu la shule na la akiba likatwe kwanza kabla ya barabara ya hoteli, na hesabu zake zisomwe hadharani kila mwaka. Mwekezaji asiyekubali hayo mwacheni aende kwa jirani.